Sababu Niliyoitunga

Kitengela,
9 Machi 2024

Mjomba Obonyo,

Uko aje, na masikio yako aje? Binamu yangu Amolo ananiambia siku hizi simu haikusaidii, mtu anapiga kelele mpaka anachoka na wewe unamjibu kitu kingine kabisa. Ndiyo nimeamua kuandika barua, niipeleke kwa ofisi ya parcel hapa stage. Wanasema gari la Loitokitok litaiacha Kimana.

Huku tuko tu. Mvua haijakuja, na vumbi ya Kitengela unaijua. Bado niko kwa ile kiwanda ya nguo, upande wa stoo. Mama yuko kwake Gataka, huko Rongai, goti linamsumbua lakini kanisa hakosi. Hajawahi kukanyaga hapa kwangu hata siku moja, anasema Kitengela ni mbali, na Rongai na hapa si mbali hivyo. Hajui ninakuandikia. Najua wewe na yeye hamjaongea tangu niko mdogo. Sijui kama ni shamba la babu ama ni nini, na sikuandiki kwa sababu hiyo.

Mjomba, ninaandika riwaya. Usicheke. Familia yetu nzima ni wewe peke yako umewahi kutoa kitabu, hata kama mimi sijawahi kukiona. Yangu ni hadithi ya msichana analelewa na mama peke yake. Baba alikufa kabla hajazaliwa, na kaka yake mkubwa aliuawa na malaria, kama kaka yangu Morgan. Nimefika sura ya tatu nikakwama. Nikisoma nasikia kama hotuba ya mazishi. Nimekuwekea kurasa ishirini na sita ndani ya hii bahasha. Niambie ukweli.

Mpwa wako,
Achola

*

Kimana,
2 Aprili 2024

Mpwa wangu Achola,

Nimefurahi kuliko nitakavyoweza kusema. Bahasha yako ililetwa na jirani yangu Katoo, ambaye huenda sokoni kila Jumanne na kuniangalizia mizigo. Aliniamkia "Sopa," nikamwitikia, kisha akanikabidhi akidhani ni barua ya serikali, kwa unene wake. Mimi ni mzima. Masikio ndiyo yamestaafu kabla yangu. Vitunguu vimeota vizuri upande wa mfereji, upande wa juu vimekauka.

Umeomba ukweli. Katika kurasa ishirini na sita watu wako wamelia mara kumi na moja na hawajala hata mara moja. Mtu akilia sana kwenye karatasi, msomaji hana tena kazi ya kufanya. Waache wapike, waoshe vyombo, watafute chumvi. Huzuni itapita humo humo.

Pili, huyu mama. Umemfanya malaika, na malaika hana mwili. Umeandika kwamba "alimpenda mwanawe kupita kiasi." Nitajuaje? Nipe kitu kimoja anachokifanya kwa mikono yake ambacho hakuna mama mwingine anakifanya. Usinieleze maana yake. Hata wewe mwenyewe huhitaji kuijua. Kitu ulichokiona na hukukielewa kina nguvu kuliko kumi ulivyovielewa.

Umekosa herufi mahali pengi, nimezungushia kalamu nyekundu. Ni mazoea ya mwalimu.

Endelea kuniletea. Siku hizi sina mengi ya kusoma.

Mjomba wako,
Obonyo

*

Kitengela,
12 Mei 2024

Mjomba,

Pole kwa kuchelewa. Tuliomba mvua ikaja yote pamoja. Kwa plot yetu maji iliingia mpaka kwa mlango, nikaweka karatasi zako juu ya kabati kwanza, halafu ndiyo nikakumbuka unga. Mama ni mzima. Nilimpelekea dawa ya goti, akaniuliza mbona niko na wino kwa vidole.

Nimefanya ulivyosema. Nimetoa machozi yote, na sasa wanakula. Na nimepata kile kitu.

Ni cha Mama, nimempa yule mama wa hadithi. Kila nyumba tuliyohamia, kabla hata ya kushusha godoro, Mama alikuwa anatoa bisibisi kwa mkoba na kufungua ile komeo ya nje ya mlango, ile ya kuweka kufuli. Anaitoa na skrubu zake, anatupa. Landlord wakigombana naye ananyamaza tu. Hatujawahi kuwa na kufuli. Akitoka anafunga mlango kwa kamba na kumwambia jirani aangalie. Tumeibiwa mara tatu, na bado.

Nimeandika hiyo sura siku nne bila kusimama. Sijui maana yake, kama ulivyosema. Lakini nikisoma, mwili unanisisimka.

Sasa nina maswali mawili. Kwa nini uliacha kuandika? Mtu anayejua hivi vitu hawezi kuwa aliacha bure. Na Morgan, wewe ulimjua. Alikuwa mtoto wa aina gani? Mama ukimtajia jina anaenda jikoni. Nahitaji tu kitu kidogo cha sura ya tano.

Achola

*

Kimana,
30 Juni 2024

Mpwa wangu,

Samahani kwa kimya hiki. Vitunguu vilioza karibu vyote kwa maji, na nilikuwa na homa iliyonilaza wiki mbili. Soila, mke wa Katoo, alikuwa akiniletea maziwa. Sasa ninatembea.

Nimesoma sura ya nne. Umekua. Chakula cha jioni pale kwenye kibanda, mama anapomkatia mtoto ugali kwa uzi, sitakisahau. Mazungumzo bado yananitatiza: watu wako hujibu walichoulizwa. Katika maisha ni nadra. Mtu huulizwa jambo moja akajibu lile linalomsumbua yeye. Sikiliza watu kwenye foleni utaona.

Ile ya komeo, iondoe. Haiaminiki. Msomaji atauliza sababu na wewe huna sababu ya kumpa, na hadithi nzima itaegemea kwenye mlango usiofunguka. Mwache mama awe mtu wa kawaida anayefunga nyumba yake.

Kuhusu Morgan, alikuwa mtoto kama watoto wengine. Ni zamani sana.

Jitunze na baridi.

Obonyo

*

Kitengela,
14 Julai 2024

Mjomba,

Pole kwa homa na kwa vitunguu.

Lakini nimesoma barua yako mara tatu. Ni wewe uliniambia nitafute kitu nilichokiona na sikukielewa. Nimekileta, unaniambia nikitoe kwa sababu sikielewi. Nilikuuliza mbona uliacha kuandika, ukanipa somo la mazungumzo. Nilikuuliza Morgan, ukasema ni zamani sana. Uliniambia mtu huulizwa jambo moja akajibu lile linalomsumbua. Basi nimekusikia.

Jumapili ya mwisho wa mwezi nitaenda Gataka nimuulize Mama mwenyewe kuhusu hiyo komeo.

Achola

*

Kimana,
23 Julai 2024

Achola,

Usimuulize. Nakuomba. Subiri nikuandikie vizuri.

Obonyo

*

Kitengela,
11 Agosti 2024

Mjomba,

Barua yako fupi ilikaa kwa ofisi ya parcel wiki mbili kwa sababu hukuandika namba ya simu juu yake. Nimeipata tarehe sita. Nilikuwa nimeshaenda.

Nitakuandikia vile ilikuwa, maana siwezi kuhadithia mtu mwingine. Tulikuwa tumetoka kanisa. Mama alikuwa anachambua sukuma. Nikamuuliza polepole, "Mama, kwa nini huwa unatoa komeo?"

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Umekuwa ukiongea na nani?"

"Na Mjomba. Tunaandikiana."

"Kuhusu nini?"

"Hadithi. Ninaandika hadithi."

Aliweka kisu chini. Akaenda chumbani akakaa huko, nikasikia sanduku inavutwa. Akarudi na kitabu chembamba, jalada limetoka rangi, jina lako juu. Miaka yote hii nilidhani hakuna nakala. Akaniwekea kwa mapaja.

"Kama ni hadithi," akasema, "soma ya pili. Halafu umuulize aliyeandika."

Nilisoma nikiwa nimesimama kwa mlango. Mwanamke wa hadithi yako anamfungia mtoto wake wa miaka minne ndani kwa kufuli, anaacha jiko linawaka kwa haraka yake, na anaenda kwa mwanamume. Huyo mwanamume ako na shati la samawati na redio. Wanacheka. Na huko nyumba inaungua.

Kwa hivyo haikuwa malaria.

Mjomba, hadithi ni nzuri. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Ile sentensi ya kufuli kuwa moto mpaka majirani wakashindwa kuishika, mimi siwezi kuandika hivyo hata nikiishi miaka mia.

Nilimuuliza Mama, "Ni kweli?" Akasema, "Mboga inakauka, nisaidie."

Sasa nakuuliza wewe, na usinipe somo. Huyo mwanamume ni nani? Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba baba alikufa Mama akiwa na mimba yangu, ndiyo nikaitwa Achola, mtoto wa matanga. Ni uongo pia? Ama baba yangu ni yeye?

Achola

*

Kimana,
2 Oktoba 2024

Mpwa wangu Achola,

Nimeandika barua hii mara saba. Sina habari za nyumbani za kukupa, ila kwamba ninapumua.

Hakukuwa na mwanamume.

Baba yako alikufa kama ulivyoambiwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Mama yako alibaki na Morgan na mimba yako, akapata kazi kwenye shamba la maua huko huko Kitengela. Walikuwa wakiishi kwenye vyumba vya mabati vilivyopangana mstari mmoja. Februari mwaka wa tisini na sita, wiki ile maua hutakiwa sana Ulaya, alienda kazini Jumapili na kumfungia Morgan ndani. Moto ulianzia chumba cha tatu kutoka kwao, kwenye stovu ya mtu mwingine. Jiko la mama yako lilikuwa limezimwa. Aliniambia hivyo siku tatu baada ya mazishi, ameketi kitandani, mara moja tu. Nilikuwa nimemshika mkono. Hata hapo, Mungu anisamehe, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa ikisema: ile ya kufuli, usiisahau.

Nilikaa nayo miaka mitatu. Katika rasimu ya kwanza mwanamke alienda kazini. Nilipoisoma niliona imelala. Nikajiuliza, ametoka nyumbani kwenda kukata maua, ndiyo nini? Nani atageuza ukurasa kwa ajili hiyo? Nikaona anahitaji sababu kubwa zaidi. Nikamtungia mwanamume, nikamvika shati, na kalamu ikaanza kukimbia. Nilisahau kabisa ni nani ninayemwandika. Niliita hiyo sanaa.

Sikutaja jina. Nilidhani inatosha. Lakini niliandika Kitengela, niliandika maua, niliandika kufuli. Kitabu kilifika kwa mwalimu mmoja wa kanisani kwao, akakisoma kwa wengine. Mama yako alisafiri mpaka shule niliyokuwa nikifundisha, akaniita nje ya darasa. Alikuwa amekushika mkono, una miaka minne.

"Anaitwa nani?" akaniuliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamume. Watu wananiuliza jina lake. Nimekuja uniambie, niwajibu."

Nikamwambia, "Adero, ni hadithi tu."

Aliniangalia, kisha akageuka mkaondoka. Wiki hiyo hiyo alihama Kitengela. Ndilo neno la mwisho nililomwambia dada yangu, na mimi nilikuwa mwalimu wa lugha.

Sikuandika tena. Si kwa toba, usinipe sifa hiyo. Kila nilipoanza, watu wangu wote walivaa lile shati.

Uliponiletea komeo niliogopa, nikakuambia haiaminiki. Ile komeo yako ilikuwa kweli tupu. Nilikudanganya kuhusu kazi yako ili nijifiche, na kwa mwalimu sijui kosa kubwa kuliko hilo.

Jambo moja zaidi. Siku ya moto wewe ulikuwa na miezi tisa. Sijui ulikuwa wapi. Mama yako hakusema na mimi sikuuliza. Katika hadithi yangu kuna mtoto mmoja tu, kwa sababu wawili wangenisumbua kuwapanga. Nilikutoa.

Obonyo

*

Kitengela,
16 Februari 2025

Mjomba,

Ni miezi minne. Sikuwa na maneno, na baadaye nilikuwa na maneno mabaya, nikangoja yaishe. Pole kama ulikuwa ukimtuma Katoo stage kila Jumanne bure.

Wiki iliyopita nilienda Gataka na barua yako. Nilimsomea Mama yote, hata mahali unasema ulimshika mkono. Alisikiliza akiwa ameangalia nje. Nilipomaliza akasema, "Jiko lilikuwa limezimwa. Ameandika hivyo?"

"Ameandika."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa. Halafu alianza kuongea mwenyewe, nami sikuuliza kitu.

Alisema jirani aliyekuwa akimwangalia Morgan alikuwa amesafiri kwao Machakos kwa matanga. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba asiyekuja Jumapili asirudi Jumatatu. Karibu na geti la shamba kulikuwa na mama aliyekuwa akishika watoto wa wafanyakazi, lakini wale wanaonyonya tu, ndiyo mama zao watoke mara moja kuwanyonyesha. Wakubwa alikataa, walikuwa wanamtoroka kuelekea barabara.

"Nilimbeba yule aliyekuwa ananyonya," Mama alisema. "Nilikuwa na mgongo mmoja."

Nikamwambia, "Ni mimi."

"Ni wewe. Kwa hivyo usiulize tena kwa nini sikuambii."

Chai ikapoa. Baadaye akasema, "Hakulia nilipofunga. Angelia ningerudi."

Mjomba, nimekaa na hiyo sentensi siku saba. Ingekuwa kwa kitabu ungeniambia ni nzuri. Sitaki mtu aniambie ni nzuri.

Nilimwambia nitaacha kuandika hii riwaya, nitachoma karatasi. Alikasirika. Alisema, "Kitabu cha kwanza kimesema nilienda kwa mwanamume. Ukinyamaza, hicho ndicho kitabaki. Andika nilienda kazini. Andika tu hivyo, nilienda kazini, na usiongeze kitu."

Halafu akanipa sharti moja. Wewe usisome. Si sura moja, si ukurasa, hata kikitoka. Alisema hakuombei mabaya, na kama unaugua nikupeleke hospitali, lakini hicho kitabu kisipite mikononi mwako.

Nimekubali. Kwa hivyo hii ndiyo barua yangu ya mwisho yenye mambo ya kuandika. Sijui nani atanizungushia makosa. Yote niliyonayo ya kazi hii ni wewe ulinipa, na sasa nayatumia kurekebisha ulichovunja. Sijui kama hiyo ni asante ama ni nini. Nina hasira na wewe na nimekuzoea, yote mawili.

Achola

*

Kimana,
20 Machi 2025

Mpwa wangu Achola,

Mvua imeanza. Katoo amepoteza mbuzi wawili kwa fisi. Mimi natembea kwa fimbo lakini natembea.

Mwambie mama yako nimesikia, na ni haki. Sitasoma. Kikitoka usiniambie kimetoka. Dada yangu ameeleza kazi hii kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia mimi miaka thelathini darasani, kwa hivyo makosa yako utazungushia mwenyewe.

Ila nina deni kwako la sura ya tano. Uliniuliza Morgan alikuwa mtoto wa aina gani nikakuficha. Katika hadithi yangu hana jina, hana neno analosema, yupo ili aungue tu. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye moto. Yafuatayo hayakunisaidia wakati huo, ndiyo maana bado ni mazima. Chukua.

Alikuwa na kigugumizi kwenye herufi ya kwanza ya jina lake, kwa hivyo akiulizwa alijibu, "Organ." Aliogopa kuku, hakuogopa ng'ombe. Aliweza kukaa juu ya mkebe wa rangi muda mrefu akimenya njugu, na kila ya tatu aliiweka pembeni, akasema ni ya mtoto, yaani wewe, na wewe hukuwa hata na meno. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, la kuanguka kwenye baiskeli yangu, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa namwendesha kwa kasi ili acheke.

Nilikuja kuwaona Desemba, miezi miwili kabla. Nilimpeleka kwenye boma la Wamasai lililokuwa karibu, tukatazama ng'ombe wakirudi. Aliinama akawaangalia kwato kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mjomba, wao hulala na viatu?"

Nikamwambia ndiyo, hulala navyo.

Akafikiri. Akasema, basi na yeye. Tulipofika nyumbani alipanda kitandani na viatu vyake vya plastiki vyenye matope, akajifunika mpaka kidevuni. Mimi nilitaka kumvua, shuka zilikuwa zimefuliwa siku hiyo. Mama yako alikuwa mlangoni, amekushika, ametoka kazini na harufu ya maua. Alisema, "Mwache."

Obonyo